Duka la dawa muhimu, famasi au dirisha la hospitali: shida ipi uipeleke wapi

Mkazi wa Dar es Salaam akiugua ana milango mitatu ya kupatia dawa. Kuna duka la dawa muhimu, lile dogo la mtaani lililobanana kati ya saluni na wakala wa pesa za simu. Kuna famasi, yenye kiyoyozi na rafu ndefu, ambazo Kariakoo, Sinza na Mwenge zimejaa tele. Na kuna dirisha la dawa la kituo cha tiba, kuanzia zahanati ya kata hadi Muhimbili. Wengi wetu huchagua kwa miguu: mlango ulio jirani ndio huohuo, na kama bei ni nafuu basi mjadala umekwisha.

Mimi huanza na swali jingine kabla ya umbali na bei. Nani amesimama upande wa pili wa kaunta, na sheria inamruhusu kufanya nini? Jibu la swali hilo linabadilika kutoka mlango hadi mlango, na linabadilika pia kulingana na ugonjwa. Ndiyo maana sitasema mlango mmoja ni bora kuliko yote. Nitazipanga shida zenyewe moja baada ya nyingine, kisha nikuambie ningeenda wapi.

Aliye nyuma ya kaunta

Dar kila anayetoa dawa ni dokta. "Dokta, naomba diklopa." "Dokta, mtoto anaharisha tangu jana." Heshima hiyo haigharimu kitu, lakini inafunika tofauti kubwa za elimu. Mfamasia amesoma shahada ya miaka 4, akamaliza mwaka mmoja wa utarajali, akasajiliwa na Baraza la Famasi. Muhimbili imekuwa ikiwafundisha tangu 1974. Chini yake yupo mteknolojia wa dawa, ambaye wengi bado humwita fundi dawa sanifu, mwenye stashahada. Halafu yupo mtoa dawa, ambaye mafunzo yake ni mafupi zaidi, na huyu ndiye utakayemkuta kwenye duka la dawa muhimu.

Maduka hayo yana historia ambayo vijana wengi hawaijui. Yalianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003. Kabla yake kulikuwa na maduka ya dawa baridi, ambayo kisheria yaliruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari tu, na ambayo kila mtu alijua kwamba chini ya kaunta yalikuwa na nyingine. Serikali ingeweza kuyafunga. Badala yake iliwafundisha wauzaji, ikayakagua maduka, ikayapa orodha fupi ya dawa za cheti wanazoruhusiwa kutoa, zikiwemo baadhi ya antibayotiki na mseto wa malaria. Baadaye mpango ukasambazwa nchi nzima. Naona ulikuwa uamuzi wa busara kuliko sifa unazopewa, kwa sababu ulikubali ukweli kwamba mtu wa Chanika hatapanda daladala mbili kwenda kutafuta mfamasia kwa ajili ya vidonge vya kichwa.

Famasi ina sharti zito zaidi. Kwa mujibu wa Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, lazima iwe chini ya usimamizi wa mfamasia aliyesajiliwa. Hapo ndipo penye kasoro inayojulikana na kila aliyewahi kufanya biashara hii: cheti cha mfamasia kimetundikwa ukutani, mwenyewe yuko kazini kwingine, na anayekuhudumia ni kijana aliyejifunza majina ya dawa kwa kuzipanga kwenye rafu. Kwa nje huwezi kuitofautisha famasi hiyo na ile nzuri. Zote zina kiyoyozi, zote zina makoti meupe.

Njia ya kuipima haina ukorofi. Ingia, salimia, useme: "Samahani, mfamasia yupo? Nina swali kuhusu dawa ninazotumia." Famasi inayofanya kazi yake itamwita, au itakutajia saa anazokuwepo. Ile nyingine itakujibu, "We sema tu, shida nini?" Ukijibiwa hivyo, unaweza kununua plasta na dawa ya meno, ukaaga vizuri.

Dirisha la hospitali lina sura yake. Katika hospitali za rufaa za mkoa, yaani Amana, Mwananyamala na Temeke, wapo wafamasia kamili, na kuna kamati za dawa na tiba zinazoamua dawa zipi zitumike. Ukishuka hadi zahanati, mara nyingi anayetoa dawa ni muuguzi aliyetoka kuchoma sindano dakika mbili zilizopita. Lakini dirisha, hata likiwa dogo namna gani, lina jambo moja ambalo milango mingine miwili haina: kabla hujafika hapo, kuna mtu amekuuliza maswali, huenda amekupima, na ameandika.

Homa ya mtoto

Hapa sina mizani ya kusumbua kichwa. Nenda kituo cha tiba.

Homa ya mtoto mdogo katika jiji hili yaweza kuwa malaria, nimonia, sikio, mkojo, au virusi vinavyopita vyenyewe. Kutoka nyuma ya kaunta havitofautiani. Mwongozo wa Taifa wa Matibabu unataka malaria ipimwe kabla ya kutibiwa, na sababu yake si urasimu. Ukimpa mseto mtoto mwenye nimonia, homa inaweza kushuka kwa panadol uliyompa sambamba, ukaamini dawa imefanya kazi, na siku ya tatu anapumua kwa shida.

Kipimo hicho cha matone ya damu huchukua kama robo saa. Mtoto wa chini ya miaka 5 kisera hupata huduma bila malipo katika vituo vya umma, sawa na mjamzito. Najua utakachosema: bure hiyo mara nyingine huishia kwenye maneno manne, "dawa hakuna, kanunue nje." Ni kweli hutokea. Bado umepata kilicho cha maana zaidi, yaani kipimo na cheti. Kwa cheti hicho duka la dawa muhimu la mtaani kwako linatosha kabisa, kwa kuwa mseto umo kwenye orodha yao.

Ukiununua, angalia uzito. Mseto wa artemetha na lumefantrini hupangwa kwa kilo: mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge kimoja kila mara, wa kilo 15 hadi chini ya 25 viwili, mara mbili kwa siku kwa siku 3. Dozi ya pili hutolewa saa 8 baada ya ya kwanza, na dawa hufyonzwa vizuri zaidi ikifuatana na chakula chenye mafuta au maziwa. Mtoa dawa asiyeuliza uzito anakisia kwa macho. Mwambie wewe, hata kama hakuuliza.

Degedege, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, kulegea usingizini asiweze kuamka: mtoto mwenye lolote kati ya hayo asipitishwe dukani hata kwa dakika moja. Bajaji moja kwa moja hospitali.

Presha na sukari

Huku ndiko nakotaka kukaa, kwa sababu huku ndiko watu wengi wa Dar wanakopoteza pesa na afya kwa kuchagua mlango kwa mazoea.

Ugonjwa wa kudumu unahitaji mambo mawili tofauti. La kwanza ni kugunduliwa na kupangiwa dawa, na hilo ni la daktari, halina mjadala. La pili ni miaka mingi ya kuchukua dawa zilezile kila mwezi, na hapo ndipo uchaguzi unapoanza.

Dirisha la hospitali ya umma lina faida ya bei, hasa ukiwa na kadi ya bima. Hasara yake ni asubuhi nzima. Mzee wa Kimara anaondoka nyumbani alfajiri, anapanda mwendokasi, anapanga foleni ya faili, foleni ya daktari, foleni ya dirisha, halafu anaambiwa kati ya dawa tatu moja imeisha. Anapewa za mwezi mmoja. Mwezi ujao anachoka, anaruka. Presha haiumi, kwa hiyo haoni tofauti mpaka siku mkono unapokataa kunyanyuka.

Duka la dawa muhimu lina faida ya ukaribu, lakini orodha yake ilipangwa zaidi kwa maradhi ya kawaida ya ghafla. Hata likiwa na kidonge chako siku hiyo, mtoa dawa hakufundishwa kufuatilia mgonjwa wa presha kwa miaka.

Famasi yenye mfamasia aliyepo ndiyo chaguo langu hapa, kwa sharti moja: iwe moja, na ununue kila kitu pale. Sababu yake ni hii. Tuseme mzee huyo anatumia amlodipini na losatani kutoka kliniki. Goti linamuuma, anapita duka lolote la njiani ananunua diklopa. Diklopa na ndugu zake, kina ibuprofeni, huweza kupandisha presha, kupunguza nguvu ya dawa kama losatani na kuumiza figo. Akirudi kliniki presha iko juu, daktari anaongeza dozi. Daktari hajui habari za goti, muuza diklopa hajui habari za presha, na mzee mwenyewe haoni uhusiano, kwani goti ni goti na presha ni presha.

Anayeweza kuona picha nzima ni yule anayeuza vyote viwili na kumfahamu mteja.

"Shikamoo mzee. Leo za presha bado hazijaisha, au?"

"Marahaba mwanangu. Leo ni goti, linaniua. Nipe diklopa za elfu mbili."

"Diklopa hapana mzee wangu, zitagombana na presha yako. Kaa hapo nikupime kwanza, halafu nitakupa parasetamo na ya kuchua. Likiendelea wiki hii, mwonyeshe daktari."

Mazungumzo hayo huchukua muda wa kunywa chai, na hakuna anayeyalipia. Mfamasia amepoteza mauzo ya diklopa na kupata ya parasetamo, ambayo ni rahisi zaidi. Sera yetu, tangu Sera ya Afya ya mwaka 2007 hadi sheria ya bima ya mwaka 2023, inazungumza sana kuhusu upatikanaji wa dawa, lakini duka la binafsi bado linaishi kwa kidonge kilichotoka rafuni. Ushauri unaomzuia mteja asinunue ni hasara kwenye daftari la mwenye duka. Kwa hiyo mfamasia anayekuambia "hii usinunue" anafanya hivyo kwa maadili yake tu, na ukimpata mmoja wa namna hiyo, mshike.

Uingereza wameliona hilo na wakaweka pesa mezani. Tangu Oktoba 2021, famasi za England hulipwa na mfumo wa afya wa taifa kuwapima presha watu wa miaka 40 na zaidi ambao hawajawahi kuambiwa wana ugonjwa huo. Mashine ileile ambayo kwetu imekaa kwenye kona ya famasi kama pambo, kule ni kazi yenye malipo na matokeo yake hufika kwa daktari wa mgonjwa. Sisemi tuige kila kitu; mifuko yetu na yao haifanani. Lakini Dar watu wangapi wamewahi kugundua presha yao kwenye famasi kwa bahati tu, walipoenda kununua dawa ya kikohozi?

Jambo jingine la kuangalia katika dawa za kudumu ni majina. Losatani moja hubeba majina mengi ya kampuni. Ukinunua huku mwezi huu na kule mwezi ujao, unaweza kujikuta na maboksi mawili yenye majina tofauti na dawa ileile ndani, ukameza yote. Soma jina dogo lililo chini ya jina kubwa la boksi; hilo dogo ndilo dawa yenyewe. Andika orodha ya dawa zako zote kwenye daftari la kliniki, pamoja na zile za mitishamba, na uiweke juu ya kaunta kila unaponunua kitu kipya.

Mkojo unauma

Mjini hapa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, imekuwa ugonjwa wa taifa. Mtu akichoka ni UTI, akiumwa kiuno ni UTI, mtoto akikataa kula ni UTI. Kipimo cha mkojo cha haraka kinasoma "chembechembe," na mtu anatoka na antibayotiki. Nyingine zinatolewa bila hata kipimo hicho.

Hapa milango mitatu inapambana kweli. Duka la dawa muhimu litakupa antibayotiki iliyomo kwenye orodha yake, mara nyingi ile inayojulikana zaidi na si inayofaa zaidi. Famasi nyingi zitakupa chochote ulichokitaja kwa jina, japo sheria inataka cheti. Kituo cha tiba kitakuuliza, kitakupima, na kama kina maabara nzuri kinaweza kuotesha mkojo kuona ni kimelea gani na dawa gani bado inakiua.

Linganisha na England kwa mara ya mwisho, maana mfano huu ndio unaofundisha zaidi. Tarehe 31 Januari 2024 walianzisha mpango unaomruhusu mfamasia kutibu maradhi saba bila mgonjwa kumwona daktari. Mojawapo ni maambukizi mepesi ya mkojo kwa mwanamke wa miaka 16 hadi 64. Mfamasia anamkalisha kwenye chumba, anamuuliza maswali yaliyopangwa, anapima dalili za hatari, na akiridhika anampa antibayotiki ya siku 3. Kumbukumbu inatumwa kwa daktari wake. Mpango ulipoanza, famasi ililipwa paundi 15 kwa kila mashauriano yaliyokamilika.

Ukitazama juu juu, Mwanamke wa Manchester na wa Mbagala wamefanya jambo lilelile: wameenda famasi, wametoka na antibayotiki. Ila wa Manchester ameulizwa maswali, amekataliwa kama ana mimba au homa kali akapelekwa kwa daktari, na kuna maandishi. Wa Mbagala ametaja jina la dawa aliloambiwa na jirani, akauliza bei, akanunua vidonge vya kutosha pesa aliyokuwa nayo. Kwetu mfamasia tayari anafanya kazi ya daktari kila siku, ila anaifanya kinyemela, bila mwongozo, bila kumbukumbu na bila malipo ya muda wake. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ambao nchi imeuwekea mpango kazi tangu 2017, unalelewa na biashara hiyo ya kaunta kuliko mahali pengine pengi.

Maoni yangu ni kwamba dawa ya tatizo hilo ni kumpa mfamasia ruhusa yenye mipaka, kama ilivyofanyika kwa maduka ya dawa baridi mwaka 2003. Hadi ruhusa hiyo ifike, mkojo unaouma upeleke kituo cha tiba. Kama una mimba, una homa na baridi, unaumwa ubavuni, au ni mwanaume, usifikirie hata mara mbili. Na popote utakapopewa antibayotiki, nunua dozi nzima. Kama pesa haitoshi, mwambie aliyekuandikia akutafutie ya bei nafuu. "Nipe nusu, nyingine nitakuja kesho" ndiyo sentensi ghali kuliko zote pale kaunta.

Yale madogo

Kuhara kwa mtoto bila damu na bila dalili za hatari: duka la dawa muhimu lililo karibu linatosha, mradi uombe ORS na vidonge vya zinki kwa siku 10 na uache dawa za kufunga tumbo. Mafua, kichwa, fangasi za miguu, minyoo: hapohapo pia. Kupanda Amana kwa ajili ya mafua ni kuwazibia njia wenye shida.

Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, vile vinavyojulikana kama P2, ningevifuata famasi, kwa sababu ya faragha na kwa sababu kuna maswali ya kuuliza. Hufanya kazi vizuri zaidi vikiwahi, ndani ya saa 72, na baadhi ya dawa, kama zile za kifafa na za kifua kikuu, hupunguza nguvu yake. Mfamasia anayekuuliza "unatumia dawa nyingine?" hakudadisi maisha yako.

Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI na za kifua kikuu hutolewa bure kwenye vituo vyenye huduma hiyo. Mtu akikuuzia, kuna kitu hakiko sawa.

Bima, bei na boksi

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kabla yake tulikuwa na uchangiaji wa gharama tangu 1993 na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulioundwa kwa sheria ya 1999. Kadiri watu wengi wanavyopata kadi, dirisha la hospitali linazidi kuvutia, na famasi ya mtaani inabaki kwa wenye fedha taslimu isipokuwa ikiwa imesajiliwa na mfuko wako. Uliza hilo kabla hujaihitaji. Na ukiandikiwa dawa ambayo dirishani haipo, usikimbilie kulipa mfukoni. Uliza utaratibu wa kuichukua kwenye famasi inayopokea kadi hiyo. Makarani wengine hawakuambii mpaka uulize.

Kadi yenyewe si ahadi ya milele. Machi 2024, kitita kipya cha mafao cha NHIF kilipoanza, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kupokea kadi zake, na wagonjwa wakajikuta wanahangaika. Mwenye ugonjwa wa kudumu anafaa kuwa na mlango wa pili anaoujua.

Kuhusu bei, famasi binafsi hujipangia, na tofauti kati ya mtaa na mtaa inaweza kukushangaza. Kwa dawa za kila mwezi inafaa kuulizia kwa simu sehemu tatu nne kabla ya kuamua utakayoishika. Ya bei ndogo si lazima iwe mbovu. Dawa iliyosajiliwa na TMDA, mamlaka ya serikali inayodhibiti dawa na vifaa tiba, imepitia mikono yenye sifa: Desemba 2018 mamlaka hiyo, ikiwa bado inaitwa TFDA, ilikuwa ya kwanza barani Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kwamba imefikia ngazi ya tatu ya ukomavu katika udhibiti wa dawa. Amlodipini ya India iliyosajiliwa na ya Ulaya iliyosajiliwa zinashusha presha ileile. Ninachokikataa ni vidonge vilivyomwagwa kwenye bahasha ya kaki bila jina, bila tarehe ya kwisha muda, bila namba ya toleo. Vidonge vikatwe kutoka kwenye karatasi yake mbele yako, na kama wewe ni mteja wa kila mwezi, chukua boksi zima.

Angalia pia alama ya GOT kwenye boksi au kidonge. Hiyo ni dawa ya serikali, iliyonunuliwa na Bohari ya Dawa kwa ajili ya vituo vya umma. Ikiwa inauzwa dukani, basi imetoroka kwenye lile dirisha ulilojibiwa "hakuna."

Siku hizi umezuka mlango wa nne: unatuma picha ya cheti kwa simu, bodaboda analeta dawa mlangoni. Kwa dawa ya kila mwezi unayoijua, kutoka famasi unayoijua, sioni ubaya. Kwa mzee asiyeweza kupanda ngazi za daladala ni ukombozi. Kwa dawa mpya ningekwenda mwenyewe, kwa sababu bodaboda hawezi kukuambia uimeze kabla au baada ya kula. Insulini nayo inataka ubaridi, na sanduku la nyuma la pikipiki saa saba mchana Barabara ya Morogoro halina ubaridi wowote. Ukilazimika kuiagiza, ipakiwe na barafu iliyofungiwa kitambaa isiigandishe, ije jioni, na uikague mbele ya dereva kabla hujalipa.